Nipe Nikupe ya Mashujaa Wakubwa: Mwongozo Kamili wa Kutunga Misheni za Kulipana Fadhila

Mara ya kwanza wahusika wa mchezo wa kuigiza ninaouendesha mezani kwangu walipofika kiwango cha 15, niliwaletea liwali aliyesumbuliwa na majambazi, akawaahidi sarafu 5,000 za dhahabu. Mchezaji anayeigiza kuhani aliniuliza kwa upole, "Za kununulia nini?" Nikatazama karatasi zao, zile zinazoorodhesha mali na uwezo wa kila mhusika. Upanga bora kuliko waliokuwa nao haukuwepo sokoni. Ngome walikuwa nayo. Mwenzao akifa, wanamfufua. Wakitaka kwenda upande wa pili wa dunia, wanafika kabla chai haijapoa. Kikao kile kilizima pale pale, na ilinichukua muda kuelewa kwamba kuongeza dau kusingesaidia.

Mtu aliyefika kiwango hicho hakosi mali wala nguvu. Anachokosa ni kile kilicho mikononi mwa mwingine na kisichochukulika bila ridhaa ya mwenyewe: ushahidi, msamaha, ruhusa ya kupita, baraka, jina la siri. Vitu hivyo havina bei. Hupatikana kwa fadhila, na fadhila hulipwa kwa fadhila. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa dhahabu mbele ya joka mwenye dhahabu zaidi nao ni mtupu vilevile.

Mwongozo huu ni wa wewe unayeendesha mchezo. Natumia kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, kwa sababu ndizo ninazoziendesha, na kwa sababu sehemu yake ya msingi, SRD 5.1, iko chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, kwa hiyo mwenye simu anaipakua bure. Ukicheza mchezo mwingine badilisha majina ya uchawi tu. Ninaposema viwango vya juu nina maana ya 11 hadi 20, ila mageuzi makubwa huja mara mbili: kiwango cha 13, uchawi wa daraja la 7 unapofunguka na umbali unapoacha kuwa kikwazo, na kiwango cha 17, uchawi wa daraja la 9 unapofunguka na hata kifo cha karne mbili kinapoanza kujadilika.

Hatua ya 1: Anza na karatasi zao, siyo na hadithi yako

Kabla ya kubuni joka, malkia au afriti yeyote, omba karatasi za wahusika, kaa nazo, na andika wanachoweza kukifanya kwa siku moja bila kumwomba mtu. Fanya hivyo kwa uaminifu. Usijidanganye kwamba watasahau uchawi fulani. Watakaokumbuka ni wao.

Nitakuonyesha kwa mfano ninaoutumia mwongozo mzima. Mashujaa wanne wa kiwango cha 15 wanataka kuvunja mkataba ambao mfalme wa zamani aliufunga na shetani mmoja miaka 300 iliyopita. Ili wauvunje lazima wayajue maneno yake yote, na nakala zimeteketea. Sasa jiulize kama wao: tunaupataje bila kumwomba mtu?

Wazo la kwanza, tumfufue mfalme. Uchawi wa kufufua wa daraja la 5 unafika siku 10 baada ya kifo. Wa daraja la 7 unafika miaka 100. Hata ule mkuu wa daraja la 9, unaokula almasi za thamani ya sarafu 25,000, mwisho wake ni miaka 200. Mfalme yuko nje ya mkono wa wote. Wazo la pili, tuihoji maiti. Uchawi huo unaruhusu maswali matano, lakini maiti lazima iwe na kinywa, na mfalme alichomwa moto. Wazo la tatu, tutumie uchawi wa kuuliza habari za kale, ule unaoleta muhtasari wa masimulizi yanayojulikana kuhusu mtu, mahali au kitu mashuhuri. Huu utafanya kazi. Basi uache ufanye kazi! Uwaambie kwamba shahidi mmoja wa siku ile bado yu hai: joka wa fedha, mzee, anayelala chini ya barafu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaogopa uchawi wa wachezaji, tunaanza kuweka kuta, "hapa haufanyi kazi, na hapa pia," na mtu aliyehangaika miaka miwili kuufikia anajiona amenyang'anywa. Mimi hufuata kanuni moja: uchawi wao uwafikishe mlangoni kwa mwenye kitu, na mlango uwe wa mwenyewe. Wakifika haraka, vizuri. Ulikuwa unataka wafike.

Hatua ya 2: Mjue mwenye kitu, na ujue kwa nini yeye mwenyewe hawezi

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Ukiipata, nyingine zitakufuata. Ukiikosa, hakuna ufundi utakaoiokoa misheni.

Mwenye kitu wa viwango hivi ni mkubwa kuliko mashujaa au analingana nao. Joka wa kale ana nguvu, ana mali, ana karne za subira. Kwa hiyo swali la kwanza atakalouliza mchezaji mwenye akili ni hili: "Kama ni kazi rahisi hivyo, kwa nini asiifanye mwenyewe?" Jibu la "ana shughuli nyingi" linamgeuza shujaa kuwa mtoto anayetumwa dukani, na mashujaa waliowahi kuangusha wafalme hawapendi kutumwa dukani. Jibu sahihi linatoka ndani ya alivyo yule mwenye kitu. Ukubwa wake ndio unaomfunga.

Mimi huangalia vifungo vinne. Cha kwanza ni kiapo: ameapa, na kiapo chake kinashikilia kitu kikubwa, amani au mpaka au uhai wa watu. Cha pili ni asili yake. Mungu hawezi kuingia duniani bila miungu wengine kuingia pia. Shetani hawezi kuvunja herufi ya mkataba. Jini hawezi kutoka bila kuitwa. Cha tatu ni macho ya watu. Malkia akionekana akiongea na kiongozi wa waasi, amekwisha kumtambua kama mtawala, hata kama walizungumzia mvua. Wapo watu ambao salamu yao tu ni tamko la serikali.

Cha nne ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni moyo. Anaogopa. Ana haya. Anampenda mtu na hajui atapokelewaje. Kiumbe anayeweza kuzamisha meli kwa pumzi moja hawezi kwenda kubisha hodi kwa mwanawe. Wachezaji wataielewa misheni ya namna hiyo hata kama wamesahau jina la nchi mnayochezea, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kumtuma mtu akamsemee jambo ambalo kinywa chake kilishindwa.

Joka wetu tumwite Bibi Sarumbi. Tumpe vifungo viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Cha nje: katika suluhu ya vita vya kale aliapa kwamba kivuli chake hakitaangukia tena ukuta wa mji unaoitwa Ukuta Mweupe. Kikiangukia, suluhu imekufa. Cha ndani: mwanawe, Tendaro, yuko ndani ya mji huo, amejiunga na udugu wa mashujaa waliowahi kumwinda mama yake, na wana miaka 40 hawajasemezana. Angeweza kutuma ndege, angeweza kutuma ndoto. Hajatuma. Kifungo cha nje kinajibu swali la mchezaji. Cha ndani kinamfanya akae sawa kwenye kiti.

Ushauri mdogo wa pembeni: misheni inayogusa mambo ya familia inaweza kumgusa mtu pale pale mezani. Kabla ya kuileta, mwulize kila mchezaji faraghani kama kuna jambo angependa lisiguswe. Inachukua dakika tano kwa ujumbe wa simu.

Hatua ya 3: Pima mizani

Kubadilishana kukipwaya upande mmoja, wachezaji watanusa. Wakiombwa kitu kidogo mno kwa kitu kikubwa, watatafuta mtego kikao kizima. Wakiombwa kikubwa mno, watakwenda kuiba.

Kanuni zenyewe zina kipimo ambacho watu wengi hawakitazami. Upo uchawi wa daraja la 6 wa makuhani unaomwita kiumbe wa ulimwengu mwingine aje kusaidia, na maelezo yake yanataja ujira: sarafu 100 kwa kila dakika ya kazi, 1,000 kwa kila saa, 10,000 kwa kila siku, mwisho siku 10. Kazi inayopatana na imani ya kiumbe huyo inaweza kushuka hadi nusu ya ujira au kuwa bure kabisa. Isiyo na hatari huwa nusu. Yenye hatari kubwa hupanda. Na maelezo hayohayo yanasema baadhi ya viumbe watakubali misheni badala ya malipo. Nipe nikupe imeandikwa humo tangu mwanzo.

Mimi nakitumia kipimo hicho kwa kukipindua. Najiuliza: ninachotoa, kama kingekuwa huduma, ni cha dakika, cha saa au cha siku kadhaa? Ushahidi wa Bibi Sarumbi ni wa saa moja ya kusimulia, lakini kwake ni hatari, kwa sababu shetani atajua nani amesema. Basi kazi anayoomba iwe na hatari, ila isiwe vita. Kikao kimoja na nusu hadi viwili vinatosha. Kitu ambacho kampeni yote, yaani mfululizo mzima wa vikao, inaning'inia juu yake kinaweza kula vikao vitatu. Sijawahi kuona misheni ya fadhila iliyovuka vikao vinne bila wachezaji kusahau walikuwa wanatafuta nini.

Kuna uzito mwingine ambao hauhesabiki kwa sarafu, nao lazima uwepo: kazi imgharimu shujaa sehemu ya jinsi alivyo. Jina lake zuri kwa watu fulani. Urafiki. Ahadi aliyompa mwingine. Uhuru wa kusema jambo. Mwenye kitu naye vivyo hivyo. Ukiona upande mmoja hautoki jasho, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Maneno ya makubaliano

Ahadi ni deni, na deni lina kiasi, lina siku, lina wa kulipa na wa kulipwa. Waache wachezaji wajadiliane kwa sauti ya wahusika wao, halafu andika makubaliano kwenye kadi na uiweke katikati ya meza. Ilivyokuwa mezani kwangu:

"Karibuni, wajukuu," joka akasema bila kufumbua macho. "Mnanuka moshi wa mbali."

Kuhani akapiga goti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Shida ndiyo iliyowaleta. Isemeni."

Wakaisema. Akanyamaza mpaka barafu ikaanza kudondoka matone juu ya pembe zake.

"Nina mtoto kule mjini. Nendeni mkamwulize kama anarudi nyumbani. Mniletee jibu."

Mwizi wetu, ambaye huwa haachi neno lipite, akauliza, "Jibu lolote, Bibi?"

"Jibu lake."

Neno moja tu lilibadilika, na meza nzima ililisikia. Hawakutumwa kumrudisha. Hawakutumwa hata kumshawishi. Akisema hapana, hapana ndiyo mali waliyotumwa kuileta, na Bibi atalazimika kuilipia. Jitahidi kila makubaliano yawe na neno kama hilo, lililo wazi, linalosikika, ambalo baadaye litauma.

Kadi yetu ilisomeka hivi: "Tutampelekea Tendaro swali la mama yake. Tutarudi na jibu lake, kwa maneno yake mwenyewe, kabla mwezi mpya haujaandama. Bibi atatusomea mkataba wa mfalme wote, neno kwa neno. Tendaro akifa kwa mkono wetu, hakuna ushahidi, na tuna deni la damu."

Mambo manne yamo: nini kinatolewa, nini kinarudi, lini, na nini kitatokea mambo yakiharibika. Mengine yaache. Mkataba wenye vifungu 12 unafaa kwa mashetani tu, kwa kuwa kwao kusoma mkataba ndiyo vita yenyewe, na hata hapo andaa vitatu vinavyohusika na ubaki na wazo la jumla kuhusu vilivyobaki.

Unaweza kujaribiwa kutumia uchawi wa kumfunga mtu kwa amri, ule wa daraja la 5 unaodumu siku 30 na kumwumiza anayekaidi. Kwa mashujaa, nakuomba usiutumie. Aliyelazimishwa hadaiwi fadhila. Ametekwa, na atafikiria kutoroka tu. Mchezo huu wote unasimama juu ya mtu anayeweza kuvunja ahadi lakini anachagua kuitunza.

Hatua ya 5: Tunga kazi ambayo nguvu haiimalizi

Mashujaa wa kiwango cha 15 watashinda karibu kila pambano utakalowapa, na pambano moja zuri liweke, watu wamekuja kucheza. Lakini kiini cha kazi kiwe jambo ambalo upanga haulifikii. Kipimo changu ni rahisi: nafikiria kwamba wamefika kwa sekunde moja na wameua kila anayepinga. Je, kazi imekwisha? Kama ndiyo, natunga upya. Kwa Tendaro kazi haijaanza, kwa sababu anayepaswa kufungua kinywa ni yeye.

Kufika kwenyewe kunaweza kuleta raha ndogondogo. Uchawi wa kusafiri papo hapo, wa daraja la 7, unabeba mchezaji na wenzake hadi wanane, lakini unategemea wanavyopajua wanakokwenda. Mahali wanapopasikia tu wanaweza kuangukia kwingine kabisa. Wakiwa na kitu kilichochukuliwa mahali hapo ndani ya miezi sita iliyopita, wanafika bila kukosea. Kwa hiyo kigae cha paa la kambi ya ule udugu kinakuwa na thamani, na yupo fundi paa aliyeachishwa kazi mwezi uliopita mwenye kigae hicho kwenye mfuko wake. Anataka nini? Anataka mtu amwandikie barua ya kudai mshahara wake, yenye muhuri wa mtu anayeogopwa. Kazi ya dakika kumi, na mpiganaji wetu aliifanya kwa bidii kuliko alivyopigana mwaka mzima.

Ila ishia hapo. Mnyororo wa fadhila ni mtamu kuutunga na unachosha kuucheza: joka anataka hiki, mwenye hiki anataka kile, mwenye kile anataka kingine. Kamba yangu ina mafundo mawili, kubwa na dogo, na dogo lifunguke ndani ya kikao kilekile. Likishafika la tatu wachezaji huanza kumwona kila mtu kama dirisha la ofisi ya serikali, njoo kesho na picha mbili.

Badala ya kurefusha mnyororo, fanya fadhila mbili zigongane. Mtu wanayemwendea naye awe na ombi lake, na ombi hilo livutane na ahadi waliyokwisha kutoa. Tendaro aliwapokea uani, kwenye kivuli. Aliwasikiliza. Akasema, "Mwambieni mama sirudi. Hapa wananihitaji." Kisha akageuka, nao wakaona: bawa la kushoto lilikuwa limekatwa kwenye kiungo, kovu la zamani, na ngozi yake imefungwa kwa shaba. "Na hili msimwambie. Nimewapa jibu; nipeni hili."

Sasa wana kadi mezani inayosema jibu lake kwa maneno yake, na wana mtu mbele yao anayeomba wafiche sababu ya maneno hayo. Hakuna uchawi wa kulitatua. Bawa lenyewe wangeweza kulirejesha. Kuhani ana uchawi wa daraja la 7 unaootesha viungo vilivyokatwa, na aliutoa hapo hapo. Tendaro akakataa. Alisema akiweza kuruka atakuwa hana sababu ya kubaki, na yeye anataka kubaki. Wachezaji walijadiliana dakika 40 bila dadu kugusa meza, na mimi sikufanya lolote ila kuongeza chai.

Hatua ya 6: Jiandae kwa watakaochagua mabavu

Watu wa kiwango hiki wanaweza kumwua mwenye kitu. Wengine watafikiria, na mmoja atasema. Usimwadhibu kwa kumleta joka mwenye nguvu maradufu kuliko uliyekuwa umemwandika. Jibu lako liwe limejengwa ndani ya kitu chenyewe. Ushahidi wa joka aliyekufa haupo. Msamaha unaotolewa huku kisu kiko shingoni si msamaha. Baraka haiporwi.

Na ikiwa kitu kinaporika kweli, pete au ufunguo, waache wapore, kisha fuata matokeo bila hasira. Habari zitasambaa. Mwenye kitu mwingine watakayemwendea atadai malipo mbele, au atataka mateka. Mla cha mwenziwe na chake huliwa; kuna mtu, mahali fulani, anayetazama ngome yao kwa jicho hilohilo. Hiyo nayo ni hadithi nzuri.

Hatua ya 7: Deni lisilo na jina

Mara nyingine mwenye kitu hana haja kwa sasa. Atasema, "Chukueni. Siku nitakayowaita, mtakuja." Fadhila ya wazi namna hii ni nzito kuliko zote, na kampeni moja haibebi nyingi. Mimi huruhusu mbili tu kwa wakati mmoja.

Weka daftari, kama lile la mkopo la Mangi pale dukani mtaani. Ukurasa mmoja kwa kila mdai: nani anamdai nani, kwa lipi, na mara ya mwisho kutajwa ni lini. Mstari wa mwisho ndio muhimu. Deni ambalo halijatajwa kwa vikao vitano limekufa kichwani mwa wachezaji, na kulidai ghafla kutaonekana umelizua. Lipe pumzi kila baada ya muda: zawadi ndogo mlangoni siku ya sikukuu, salamu kupitia mpita njia, alama ya mdai kwenye tanga la meli iliyotia nanga.

Siku ya kulidai, dai wakati ambapo kulipa kutawagharimu kitu kingine wanachokitaka. Halafu waachie njia ya kukataa. Bei ya kukataa waijue kabla ya kuamua: rafiki gani watampoteza, lango gani litafungwa. Mchezaji akikataa akiwa anajua, ameendesha maisha ya mhusika wake. Akikataa halafu ndipo wewe ufichue bei, umemvizia.

Usisahau kuugeuza upande wa pili wa ukurasa. Mashujaa wa viwango hivi nao wanawadai wengine msaada na wanaweza kuudai. Wana mfalme waliyemwokoa kiwango cha 6, kijiji walichokilinda, mwanafunzi wa uchawi waliyemsomesha. Waonyeshe daftari. Wakigundua kwamba na wao wana watu wa kuwaita, wataanza kutunga misheni wenyewe, na nusu ya kazi yako itakuwa imefanyika.

Hatua ya 8: Lipa

Mwenye kitu alipe. Alipe alichoahidi, kwa wakati, bila kupunja. Najua mvuto wa kumfanya msaliti. Mshtuko wake ni mkubwa na unatungwa haraka. Lakini wachezaji waliolipwa mateke ya punda mara mbili hawatamwomba mtu tena maisha yao yote. Watapekua, watateka, watasoma mawazo ya kila mlinzi, na aina hii ya misheni itakuwa imefungwa kwenye meza yako. Kama lazima awepo msaliti, awe mmoja katika kampeni nzima, na ishara zake ziwepo tangu siku ya makubaliano ili aliyekuwa makini ajisifu kwamba aliona.

Malipo yachezwe kama tukio, yasisomwe kama orodha. Waliporudi chini ya barafu, kuhani ndiye aliyesema. Alilitoa jibu kwa maneno ya Tendaro mwenyewe, yote mawili: sirudi, na hapa wananihitaji. Hakuongeza. Joka hakusema kitu kwa muda mrefu, nami sikuujaza ukimya ule kwa maelezo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelipanga, lilinijia pale pale kwa sababu nilikuwa nimemjua.

"Bado anaruka?"

Angeweza kumweka kuhani ndani ya uchawi wa ukweli, wa daraja la 2 tu, ambamo mtu hawezi kusema uongo ingawa anaweza kunyamaza. Hakufanya hivyo. Mchezaji wa kuhani aliitazama kadi iliyokuwa mezani, akanitazama mimi, kisha akasema, "Bibi, hilo hukututuma."

Bibi Sarumbi akafumba macho, akaanza kuusoma mkataba wa mfalme tangu neno la kwanza. Nilikuwa nimeuandika ukurasa mzima, nikausoma wote kwa sauti yake. Baada ya wote kuondoka nilifungua daftari na kuandika mistari miwili. Bibi: limelipwa pande zote. Tendaro: ahadi imetunzwa, lakini mama amejua.